Vidonge vya Oswald

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Recho alifagia uwanja, akainjika chai, kisha akabisha hodi kwenye chumba cha mbele na kumpelekea Bibi Skolastika kikombe chake kisichotiwa sukari. Siku zote alimkuta ameshaamka, ameketi kitandani na rozari mkononi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwana wanje. Waramutse?” Bibi alimwita mwanangu kwa Kirundi na kumwuliza kaamkaje.

“Nimeamka salama. Umelalaje?”

“Nimelala,” Bibi alijibu, ingawa Recho alikuwa amemsikia akitoka nje usiku kucha, mlango ukilia kila alipoufungua.

Kisha Bibi alichukua chupa ndogo ya plastiki yenye maandishi ya rangi ya dhahabu, akatoa kidonge kimoja cha rangi ya waridi, akakimeza na maji. Kabla ya kukimeza alisema maneno yale yale: “Asante, Oswald.”

Oswald alikuwa mwanawe wa pekee. Bibi Skolastika alikuwa mdogo wake bibi mzaa mama wa Recho. Aliolewa Bujumbura akiwa msichana na huko akazeeka. Mwaka ule Warundi walipoanza tena kukimbia machafuko, Oswald alimpandisha mama yake kwenye mtumbwi, yeye akabaki nyuma kuitazama nyumba. Bibi alishukia Kagunga, kijiji cha mpakani, pamoja na maelfu ya wengine, akasubiri meli ufukweni juani, na hatimaye akafikishwa Kigoma na kuwekwa pamoja na wenzake kwenye uwanja wa mpira. Hapo ndipo Mama Recho, ambaye jina lake ni Domitila, alipompata baada ya kumtafuta kutwa nzima. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa na alikuwa na ndugu wa kumtunza, aliruhusiwa kukaa nao nyumbani kwao, mtaa wa Rusimbi. Baba wa Recho, Mzee Elinipa, alikuwa fundi wa maji aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same. Siku hizo alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na wenzake wakifunga mabomba, kwa hiyo nyumbani walibaki watatu.

Bibi alikuwa na kisukari. Zile dawa za waridi aliandikiwa na daktari wa hospitali ya kulipia kule Bujumbura, na Oswald ndiye aliyekuwa akizinunua. Walipoagana ufukweni alimwambia, “Mama, usibadilishe dawa. Mimi nitakutumia nyingine.” Tangu siku ile simu yake haikupatikana. Mama Recho alimpigia kila jioni, akasikiliza ile sauti ya mashine, akakata. Siku zilivyopita aliacha hata kuwaambia kwamba amepiga.

Vidonge vikaanza kupungua. Bibi akawa anameza kimoja asubuhi na kuacha cha jioni. Mwishowe chupa ikabaki tupu, naye akaiweka dirishani.

Mama alimpeleka kituo cha afya. Tabibu pale, Edina, alimpima, akatikisa kichwa, akamwandikia dawa. Kwenye dirisha la dawa wakapewa vidonge vyeupe ndani ya kipakiti cha plastiki kisicho na jina la kampuni wala urembo wowote. Bibi alishukuru kwa adabu. Walipofika nyumbani alikitia kile kipakiti chini ya godoro.

“Mama mdogo, mbona hunywi dawa?” Mama alimwuliza.

“Hizo si dawa zangu, Domitila. Oswald aliniambia nisibadilishe.”

“Lakini Oswald hayupo hapa kuona hali yako!”

Mama alijuta mara tu neno lilipomtoka. Bibi aligeukia ukutani na siku ile hakula.

Baada ya hapo hali yake ilikwenda ikiharibika. Alikunywa maji ndoo nzima na bado midomo ilikauka. Macho yake yalianza kuona ukungu, akawa anamwita Recho kwa jina la Mama. Kidonda alichokipata mguuni kule Kagunga, alipojikwaa kwenye jiwe, hakikutaka kufunga. Recho alikiosha kwa maji ya chumvi kila siku, na kila siku alikiona kimepanuka kidogo. Mama alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kwenye mwalo wa Katonga kuchukua dagaa wa kuuza, akarudi amechoka, akambembeleza Bibi, akakataliwa, akakaa kizingitini. Recho hakuwahi kumwona mama yake akikosa la kufanya. Jambo hilo lilimtisha kuliko kidonda.

Siku moja baada ya masomo, Recho alichukua ile chupa tupu, akaitia kwenye mfuko wa shule, akatembea hadi Ujiji kwenye duka kubwa la dawa. Alifuatana na Clinton, jirani aliyesoma naye darasa la sita.

Mfamasia wa pale aliitwa Noel. Aliigeuza chupa mkononi, akasoma maandishi, akairudisha juu ya meza.

“Dawa hii hutaipata Kigoma,” alisema, “hata ukizunguka maduka yote.”

“Imekwisha?” Recho aliuliza.

“Haijawahi kufika. Naweza kuiagiza Dar es Salaam, lakini bei yake, binti yangu, hata mimi mwenye duka siiwezi.”

“Kwa nini iwe hivyo? Si vidonge tu?”

Noel alivuta kiti, akaketi. “Kampuni iliyoivumbua ina hataza. Hataza ni haki ya kisheria. Ukivumbua kitu kipya, sheria inakupa miaka kadhaa ambayo mtu mwingine haruhusiwi kukitengeneza bila ruhusa yako. Kuvumbua dawa kunakula mali na miaka mingi, na mvumbuzi anataka jasho lake limrudie. Lakini katika miaka hiyo yeye ndiye anayeamua bei peke yake. Sisi hapa hatuna kiwanda cha kuitengeneza. Viwanda vinavyotuuzia dawa nyingi viko nchi za mbali, na huko haki hiyo inalindwa. Basi vinasubiri.”

“Vinasubiri nini?”

“Muda uishe. Ukiisha, kila kiwanda kitaitengeneza kwa jina lake, na bei itashuka.”

“Utaisha lini?”

“Bado miaka.”

“Na Bibi?”

Noel alimsogezea ile chupa. Akaanza kupanga maboksi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

“Kituo cha afya hawakumpa chochote?” aliuliza baadaye.

Recho alimweleza kuhusu vile vidonge vyeupe, akamtajia jina la dawa aliloliona kwenye kipakiti. Clinton akadakia, “Si ni vile vya bure? Vya bure havina nguvu!”

“Nani kakwambia?” Noel alimkazia macho. “Ile ni dawa ya zamani. Hataza yake ilikwisha kabla hamjazaliwa, ndiyo maana inatengenezwa na wengi na ni rahisi. Si dawa ile ile na hii ya chupa, lakini ugonjwa inaoutibu ni ule ule, na watu wengi wanaishi kwa hiyo. Ila ina sharti moja kubwa. Anayeinywa lazima ale chakula. Akiinywa na tumbo tupu, sukari mwilini itaanguka chini kabisa, na hilo linaweza kumuua upesi. Umenisikia? Mlete bibi yako hapa nimweleze mwenyewe.”

“Hatakuja,” Recho alisema kwa sauti ndogo. “Anamsubiri mwanawe.”

Njiani Clinton alipiga kopo teke, akasema, “Kwani lazima ajue? Mdogo wangu akikataa dawa tunamchanganyia kwenye uji. Anakunywa, anapona, kwisha habari.”

Maneno yale Recho aliingia nayo nyumbani.

Alimkuta Bibi amelala, anahema kwa mdomo. Aliingiza mkono chini ya godoro, akatoa kipakiti, akavimimina vidonge vyeupe kwenye ile chupa yenye maandishi ya dhahabu. Bibi alipofumbua macho, Recho alikuwa amesimama mbele yake ameishika chupa.

“Bibi, dawa zako zimekuja.”

“Zimetoka wapi?”

Recho hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. “Kuna mtu kashuka kwenye meli. Katumwa na Mjomba Oswald.”

Bibi aliinuka kama mtu aliyevutwa kwa kamba. “Oswald? Yu hai?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Amesema nini? Yuko wapi? Amekonda?”

“Amesema… amesema yeye ni mzima. Unywe dawa.”

“Mana yanje, Mungu wangu!” Bibi aliifumbata chupa kifuani. Alipoifungua alishangaa kidogo. “Mbona ni vyeupe?”

“Kiwandani wamebadilisha rangi.”

Bibi alicheka. Recho hakuwahi kumsikia akicheka tangu alipofika Kigoma. Akatamani kumwambia asisahau kula kwanza. Lakini angemwambiaje? Kama dawa ilikuwa ile ile ya Oswald, masharti yake Bibi aliyajua kuliko yeye. Akaenda kuosha vyombo.

Mama aliporudi alimkuta Bibi akiimba. Alipoambiwa habari za Oswald alipiga magoti palepale mlangoni, akalia kwa furaha. “Mtu huyo yuko wapi nimshukuru?” aliuliza.

“Amekwenda kambini,” Recho alisema. Ulikuwa uongo wa nne au wa tano. Kila mmoja ulitoka kwa urahisi kuliko ule uliotangulia.

Siku chache zilizofuata Bibi alipata nafuu. Kiu ilipungua, akaanza kukaa nje kivulini na kusalimia wapita njia. Alikula vizuri, ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka, na Recho akaanza kuamini kwamba amefanya jambo jema.

Ikafika Jumamosi. Mama alikwenda Katonga kama kawaida. Recho alipopeleka chai, Bibi alikataa kikombe.

“Leo sili wala sinywi mpaka jua litue, mwana wanje. Nimefunga. Namshukuru Mungu kwa kumlinda Oswald.”

“Lakini dawa, Bibi?”

“Dawa nimeshameza. Hiyo si chakula.”

Recho alisimama na kikombe mkononi. Maneno ya Noel yalimrudia yote, moja baada ya jingine. “Bibi, kula hata kidogo. Tafadhali.”

“Kwa nini nawe unanisumbua? Kule nyumbani nilifunga mara nyingi na dawa hii hii, haikunidhuru.”

Kitu kimoja tu kingemfanya Bibi ale, nacho ni ukweli. Recho aliutafuta mdomoni akaukosa. Alimwangalia yule mzee aliyejaa furaha, akajiambia labda haitatokea kitu. Akatoka, akakaa mlangoni akimchungulia.

Jua lilipopanda, Bibi alianza kutokwa na jasho. Kitenge kililoa mgongoni. Mikono ilitetemeka hata rozari ikaanguka. Alianza kusema Kirundi cha haraka, akimgombeza mtu asiyekuwepo.

“Bibi! Bibi, ni mimi Recho!”

Bibi alimtazama bila kumtambua, akaegemea ukuta, akaporomoka taratibu hadi chini. Recho alimshika kichwa. Alijua kuna sukari jikoni. Lakini maisha yake yote alikuwa amesikia kwamba sukari ni sumu kwa mwenye kisukari, na sasa hakujua tena lipi ni la kweli. Alimpepea, akamwita, akalia. Mwishowe alitoka mbio hadi barabarani akipiga kelele.

Baba yake Clinton alimbeba Bibi, wakampakia kwenye bajaji. Mtu mwingine akatumwa Katonga kumwita Mama.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Wauguzi wengine walikuwa wamepelekwa kuwahudumia wakimbizi, na Tabibu Edina alikuwa akienda huku na huku. Alipomwona Bibi aliacha kila kitu. Akamtoboa kidole, akasoma kipimo, uso ukabadilika.

“Sukari imeshuka mno!” Akamwekea sindano ya mshipa, akaanza kumwingizia maji ya sukari. Recho alisimama ukutani akitazama.

Haikuchukua muda Bibi akafumbua macho. Mama alikuwa amefika, kanga imemlegea, harufu ya dagaa mikononi.

“Anatumia dawa gani?” Edina alimwuliza.

“Zile zake za Bujumbura. Mwanawe amemletea nyingine juzijuzi. Zenu alizikataa.”

Edina alikunja uso. “Dawa ile peke yake si kawaida kushusha sukari namna hii. Basi itakuwa ni kukaa na njaa. Akishakunywa uji na kupumzika mnaweza kwenda naye nyumbani. Vitanda hatuna.”

Bibi alitabasamu kwa udhaifu. “Nilikuwa namwombea Oswald,” alisema.

Recho aliona muuguzi akija na uji. Aliona Mama akikusanya vitu waondoke. Angeweza kunyamaza. Bibi alikuwa ameamka, na hakuna aliyekuwa akimwuliza yeye chochote. Lakini kulikuwa na jambo ambalo tabibu hakulijua, na yeye alilijua.

“Si dawa za Bujumbura,” alisema.

“Unasemaje?” Edina aligeuka.

“Ni vidonge vyenu. Vile vyeupe. Mimi ndiye niliyevitia kwenye chupa.” Alimgeukia Mama. “Hakuna mtu aliyekuja. Mjomba Oswald hajatuma kitu. Nilidanganya ili Bibi anywe dawa.”

Muuguzi aliutua uji mezani. Mama alishika mdomo. Edina hakumkaripia. Alimwuliza haraka Bibi alimeza vingapi na saa ngapi, Recho akajibu alichokijua. Kisha akamwambia muuguzi, “Huyu haendi popote. Atalala hapa, apimwe mara kwa mara mpaka kesho.” Akamwinamia Recho. “Dawa ile inakaa mwilini muda mrefu. Ningemruhusu, angefika nyumbani, na jioni sukari ingeanguka tena akiwa usingizini. Umefanya vibaya sana kumdanganya. Lakini ungenyamaza na sasa, tungempoteza.”

Recho hakuthubutu kumtazama Bibi. Alipomtazama, alimkuta amefumba macho, machozi yakitiririka kuelekea masikioni. Hakulia kwa sauti. Alinyoosha mkono hewani kana kwamba anatafuta kitu, Mama akaushika.

Bibi hakusema na Recho siku ile wala siku iliyofuata. Waliporudi nyumbani, Recho alipeleka chai, akasalimia, akaitikiwa “Marahaba” peke yake. Siku moja Mzee Elinipa alikuja mara moja kutoka kambini. Alisema aliulizia jina la Oswald kwa watu wengi waliovuka, hakuna aliyemjua. Bibi alimshukuru, akaingia chumbani.

Jioni ile alimwita Recho. Mbele yake kulikuwa na sahani ya ugali na dagaa na kipakiti kipya cha vidonge vyeupe.

“Keti,” alisema. “Nisomee masharti. Macho yangu hayaoni vizuri.”

Recho alisoma: kidonge kimoja asubuhi, pamoja na chakula. “Ya leo ulimeza?”

“Nimemeza, nilipokunywa uji. Huyo tabibu amenieleza kila kitu. Kumbe ni dawa kama dawa nyingine.” Bibi alitafuna polepole. “Mimi nilikuwa mkaidi. Niliona kwamba nikibadilisha vidonge, ndiyo basi, nimemzika mwanangu. Ndiyo maana nikakaa naoza mguu. Hilo ni kosa langu, nimemwambia mama yako. Lakini na wewe una kosa lako, Recho. Unalijua?”

“Nilikudanganya.”

“Ulitaka nipone, hilo naliona. Lakini ulipobadilisha jina la dawa, uliyaficha na masharti yake. Mgonjwa asiyejua anachokinywa hawezi kujilinda, na daktari asiyeambiwa hawezi kumsaidia. Na ulinipa mwanangu mikononi, kisha ukamchukua tena.” Alimega tonge, akaliacha sahanini. “Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi.”

“Nisamehe, Bibi.”

“Nimekusamehe. Kula.”

Wakala pamoja kwenye sahani moja. Wiki zilivyopita kidonda kilianza kufunga kutoka pembeni, na usiku mlango haukulia tena mara nyingi. Kila siku ya kliniki Recho alimsindikiza, akasikiliza maelekezo pamoja naye. Siku moja walipita dukani kwa Noel. Aliwaambia kwamba dawa ya waridi bado ni ya kampuni moja na bei haijashuka. Bibi aliitikia kwa kichwa tu.

Walipokuwa wakirudi, walisimama Katonga wamngoje Mama. Mitumbwi ilikuwa ikishusha samaki. Bibi alimtazama kila mwanamume aliyeshuka.

“Bibi,” Recho aliuliza, “Mjomba Oswald atakuja?”

Bibi Skolastika aliutazama mtumbwi mwingine uliokuwa ukikaribia.

“Sijui, mwana wanje,” alisema. “Laiti ningejua. Nawe mtu akikuuliza jambo usilolijua, hata kama anataka sana kusikia jibu zuri, mwambie hivyo hivyo. Mwambie hujui, kisha ukae naye.”

Recho akasogea, akakaa naye.